Filta ya hewa ya kuosha inalipa kwenye vumbi la Mara?

SIMU ya baba mdogo iliingia wiki ya kwanza ya Oktoba, mvua za vuli zikiwa zimeanza kunyemelea upande wa Bunda. Baba mdogo ana trekta la mtumba, Massey Ferguson 265, ambalo hulima mashamba ya watu kwa kukodisha kuanzia Nyamuswa hadi Kibara. Siku hiyo alikuwa Musoma mjini, ndani ya duka moja la spea maeneo ya Kitaji, na alikuwa na haraka.

"Mwanangu, wewe ndiye msomi wa hesabu za kilimo," alisema. "Nimeshikishwa hapa filta ya hewa ya kuosha. Mwenye duka anasema nikiifunga sitanunua nyingine mpaka trekta life. Bei yake ni mara tano ya ile ya karatasi. Ninunue au niiache?"

Nilimwomba siku tatu. Baba mdogo alikuwa ameshusha injini ya trekta hilo mara mbili katika misimu miwili mfululizo, na kila mara ilikuwa ni ringi na slivu zilizolika kabla ya wakati. Deni la ukarabati wa mara ya pili alikuwa bado analilipa. Kama injini ingekufa tena Novemba, wakati wakulima wa pamba wanagombania zamu ya kulimiwa, asingekuwa na msimu wa tatu wa kujaribia.

Filta hizi zimeanza kuonekana katika maduka mengi ya spea. Nyingi ni za kitambaa cha pamba kilichokunjwa na kushikiliwa na wavu wa waya, kisha kikapakwa oili maalumu, mara nyingi nyekundu. Si za kampuni iliyotengeneza gari au trekta. Hutengenezwa na viwanda vingine na kuuzwa kama mbadala wa filta ya karatasi iliyokuja na mashine. Iliyo maarufu zaidi duniani ni K&N, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1969 huko Riverside, California, na jina lake limetokana na waanzilishi wake, Ken na Norm. Biashara yao ilianzia kwenye pikipiki na mashindano ya mbio, ambako watu wanataka hewa nyingi iingie kwenye injini. Umri wa injini si jambo linalomnyima dereva wa mashindano usingizi, kwa kuwa injini yake hufunguliwa mara kwa mara. Msomaji alishike hilo, tutalihitaji mbele.

Kinachoingia kwenye injini

Injini ya Perkins iliyomo kwenye Massey Ferguson 265 ina ujazo wa karibu lita 3.9, na huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, huvuta karibu lita 3,300 za hewa kila dakika, baada ya kutoa ile hasara ya kawaida ya uvutaji. Kwa saa moja ni kama mita za ujazo 200. Chukua chumba cha mita nne kwa nne chenye urefu wa mita mbili na nusu: trekta humaliza hewa ya vyumba vitano vya aina hiyo kwa saa moja, na hewa yenyewe ni ile iliyo nyuma ya plau, katika udongo mkavu.

Tuseme kwa mfano kila mita ya ujazo ya hewa hiyo ina nusu gramu ya vumbi. Hapo injini inaletewa gramu 100 kwa saa, na gramu 800 kwa siku ya saa nane. Vumbi zito litaangukia kwenye kofia ya juu ya bomba, ile yenye kikombe, lakini lililo laini litaendelea na safari.

Lililo laini ndilo lenye madhara. Vumbi la mchanga lina chembe za kwatzi, ambazo ni ngumu kuliko chuma cha slivu. Chembe za maikroni 5 hadi 20, ndogo sana ukilinganisha na unywele wa mtu wenye maikroni kama 70, hutosha kupenya kati ya ringi na slivu na kuvunja utando wa oili unaozitenganisha. Kutoka hapo zinasaga kama msasa. Mwenye trekta hasikii mlio wowote. Anachokuja kuona baada ya miezi ni injini inayokula oili, moshi wa bluu, na trekta lililokuwa likipanda kilima kwa gia ya tatu sasa linaomba ya pili.

Swali la kwanza kwa filta yoyote, basi, ni vumbi kiasi gani inaliacha lipite. Bei yake na miaka itakayodumu huulizwa baadaye.

Jaribio la mwaka 2004

Kuna kipimo cha kimataifa cha filta za hewa kiitwacho ISO 5011. Filta huwekwa kwenye mtambo, hupulizwa vumbi lililopimwa, kisha hupimwa kiasi kilichonaswa na kiasi kilichopita. Mwaka 2004 nchini Marekani filta kadhaa za pikapu za GM zenye injini ya dizeli ya Duramax zilipitishwa kwenye kipimo hicho. Filta ya karatasi ya AC Delco, ambayo ndiyo ya kampuni yenyewe, ilinasa asilimia 99.93 ya vumbi. Ya kitambaa ya K&N ilinasa asilimia 96.80.

Ukizisoma namba hizo kama matokeo ya mtihani wa darasani, wote wawili wamefaulu vizuri sana. Injini lakini hailiwi na vumbi lililonaswa, inaliwa na lililopita. Katika kila kilo moja ya vumbi, karatasi iliachia gramu 0.7 na kitambaa kikaachia gramu 32. Hiyo ni zaidi ya mara 40.

Turudi kwenye gramu 800 za baba mdogo. Kama filta zake zingefanya kazi kwa viwango hivyo hivyo, ya karatasi ingepitisha kama nusu gramu kwa siku nzima ya kulima, na ya kitambaa ingepitisha gramu 25 na ushee, yaani kama vijiko vitano vya chai vya vumbi laini. Nakiri kwamba trekta si pikapu, na filta ya dukani Kitaji si ile iliyopimwa Marekani. Inaweza kuwa bora kidogo, na inaweza kuwa mbaya zaidi, hasa kama haina jina la kiwanda. Hata hivyo nimetafuta sababu ya kuamini kwamba filta ya bei ya kati isiyo na karatasi ya vipimo itaishinda K&N, na sijaipata.

Jaribio hilo lilionyesha jambo lingine ambalo wauzaji hawalitaji. Filta ya karatasi ilidumu dakika 60 kwenye mtambo kabla ya kuziba kupita kiwango. Ya K&N iliziba baada ya dakika 24. Sifa ya kitambaa ni kupitisha hewa kwa wepesi, na kikiwa kisafi ni kweli. Kwenye vumbi zito kinajaa mapema. Kampuni inasema kwenye barabara kuu filta yake inaweza kukaa hadi maili 50,000, yaani kilomita 80,000, kabla ya kuoshwa, na yenyewe inaeleza kwamba kwenye vumbi muda huo ni mfupi zaidi. Muuzaji wa huku husoma nusu ya kwanza ya maelezo hayo.

Kuhusu mafuta

Hoja ya pili ya wauzaji ni kwamba filta ya kuosha inapunguza ulaji wa mafuta kwa sababu injini "inapumua". Maabara ya taifa ya Oak Ridge ya Marekani ililichunguza suala hili na kutoa ripoti mwaka 2009. Walichukua magari ya petroli yenye kompyuta ya kupima mafuta, wakaziba filta zake kwa makusudi, na hawakuona tofauti ya maana katika ulaji wa mafuta. Kompyuta huona hewa imepungua na kupunguza mafuta. Kilichoshuka ni nguvu ya kuondoka. Gari la zamani la kabureta ndilo lililoonyesha tofauti, kati ya asilimia 2 na 6.

Kama filta iliyozibwa kabisa haiongezi ulaji wa mafuta kwenye gari la kisasa, basi filta inayopitisha hewa kidogo zaidi ya ile safi ya karatasi haitaleta akiba kituoni. Mwenye gari la kabureta atapata nafuu yake kwa kubadilisha filta chafu, iwe ya karatasi au ya kitambaa.

Hesabu ya mfukoni

Bei ninazotumia hapa ni za mfano. Msomaji aweke za dukani kwake, njia ni ile ile.

Tuchukue gari la mizigo midogo linalokwenda vijijini Butiama na kurudi, kilomita 20,000 kwa mwaka, nyingi za vumbi. Filta ya karatasi ni Sh20,000 na inabadilishwa kila kilomita 5,000, kwa hiyo ni Sh80,000 kwa mwaka. Filta ya kuosha ni Sh180,000. Sabuni yake na oili yake huuzwa pamoja kwa Sh60,000 na zinatosha kuosha mara nane, hivyo kila kuosha ni Sh7,500. Kwenye vumbi lile lile nayo itaoshwa kila kilomita 5,000, mara nne kwa mwaka, sawa na Sh30,000.

Akiba kwa mwaka ni Sh50,000. Filta itarudisha fedha yake baada ya miaka mitatu na miezi saba hivi. Kama fedha hiyo umeikopa kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, mwaka wa kwanza toa Sh18,000 za riba, na muda unasogea mbele.

Hadi hapo mtu mvumilivu anaweza kusema inalipa. Kilichokosekana kwenye hesabu ni injini. Tuseme kushusha injini ya gari hilo na kuirudisha ni Sh2,500,000. Kama vumbi la ziada linaongeza uwezekano wa kushusha injini kwa asilimia 2 tu kwa mwaka, gharama yake kwa wastani ni Sh50,000 kwa mwaka. Akiba yote imekwenda. Ikiongezeka asilimia 4, mwenye gari analipa Sh50,000 kila mwaka kwa ajili ya kuwa na filta nyekundu.

Kwa trekta hesabu ni mbaya zaidi, kwa sababu trekta linafanya kazi msimu mfupi. Likilima ekari sita kwa siku na kila ekari ikimwachia mwenyewe Sh20,000 baada ya dizeli na dereva, siku kumi za kungoja fundi mwezi Novemba ni Sh1,200,000 zisizorudi, mbali na bei ya spea. Mvua haingoji, na mteja aliyekosa trekta kwako atatafuta la jirani au atarudi kwenye plau la ng'ombe, na mwakani hatakupigia simu.

Yupo ambaye filta ya kuosha inamlipa, na ni haki kumtaja. Ni mwenye gari la abiria linalokimbia lami tupu kati ya Musoma na Mwanza, kilomita 100,000 kwa mwaka. Karatasi akibadilisha kila kilomita 20,000 ni filta tano, Sh100,000. Ya kitambaa ataiosha mara mbili kwa Sh15,000. Anabaki na Sh85,000 na filta inajilipa ndani ya miaka miwili na miezi michache. Vumbi la lami ni dogo, hivyo hata ile asilimia ndogo inayopita ni ndogo ya kidogo. Sharti ni kwamba anunue halisi, na awe mtu wa kuosha kwa utaratibu.

Utaratibu wa kuosha

Hapa nina ushahidi wa kwangu. Mwaka 2019 nilifunga filta ya kitambaa kwenye gari langu dogo la mtumba. Nilipoiosha mara ya kwanza sikuwa na oili yake, nikapaka oili ya injini, na kwa kuwa nilitaka iwe salama niliipaka nyingi. Siku ya pili taa ya injini ikawaka na gari likakosa nguvu kwenye mlima mdogo tu. Fundi aliifungua sensa inayopima hewa, ile yenye waya mwembamba baada ya filta, akanionyesha waya umepakwa utando wa mafuta. Aliusafisha kwa dawa ya kupulizia, nikalipa, nikarudisha filta ya karatasi. Watengenezaji wa filta hizi wanakanusha kwamba bidhaa zao huharibu sensa zikipakwa oili inavyotakiwa. Mimi sikupaka inavyotakiwa, kwa hiyo silaumu kiwanda. Ninachojua ni kwamba wengi wetu tutafanya kama nilivyofanya.

Maelekezo yenyewe si magumu, ila yanataka subira. Sabuni yake hupulizwa, ikae kama dakika 10, isafishwe kwa maji ya msukumo mdogo, ikaushwe kivulini bila kompresa wala moto. Oili hupakwa kidogo kwenye kila kunjo, kisha husubiriwa dakika 20 ienee. Petroli, dizeli na sabuni kali ya kufulia havitakiwi, na oili ya injini ndiyo hiyo iliyoniponza. Kukauka peke yake ni saa kadhaa. Gari la biashara litasimama, au mwenyewe awe na filta mbili, na akiwa nazo mbili ile hesabu ya juu inabidi aianze upya kwa Sh360,000.

Kompresa ya fundi pancha

Ukweli ni kwamba wengi wetu tayari tunatumia "filta ya kuosha" bila kuijua. Ni ile ya karatasi inayopelekwa kwa fundi pancha kila Jumamosi na kupulizwa kwa kompresa mpaka vumbi linaruka hadi barabarani. Kwa macho inarudi nyeupe. Kompresa ya kujazia matairi lakini inaweza kutoa msukumo wa zaidi ya psi 100, wakati Honda, kwa mfano, katika kitabu cha injini zake ndogo za GX, inaruhusu psi 30 tu, tena kutoka ndani kwenda nje. Msukumo mkubwa unatoboa karatasi vitundu ambavyo huvioni.

Jambo jingine linalowashangaza wengi ni kwamba filta yenye vumbi kidogo inachuja vizuri kuliko mpya kabisa. Vumbi la kwanza linaziba matundu makubwa na kuwa sehemu ya chujio. Anayeipuliza kila wiki anairudisha filta mwanzoni kila wiki, tena kwa karatasi iliyochoka. Kama trekta lako lina kile kioo kidogo kinachogeuka chekundu filta ikijaa, kifuate hicho. Kisipogeuka, acha kufungua.

Ukipuliza, puliza taratibu, kisha weka taa au tochi ndani ya filta mahali penye giza. Nuru ikichomoza kama nyota mahali popote, filta hiyo imekwisha. Ile ndogo ya ndani, ambayo matrekta mengi yanayo kwa usalama, haipulizwi wala kugongwa. Hubadilishwa tu, na kanuni ya wengi ni mara moja kwa kila filta tatu za nje.

Zilizozaliwa za kuosha

Kuna filta ambazo kiwanda chenyewe kilizitengeneza zioshwe, na hizo hazina mjadala. Massey Ferguson 135, lililoanza kutengenezwa mwaka 1964, mengi yalikuja na bakuli la oili: hewa inagonga oili chini ya bakuli, vumbi linazama, na hewa inapanda kupitia waya uliolowana. Kuchuja kwake hakufikii karatasi, ni kama asilimia 95 hadi 98, na ndiyo sababu viwanda vingi vilihamia kwenye karatasi. Mwenye nalo amwage oili tope likianza kujaa chini ya bakuli, na ajaze mpaka alama, asizidishe, vinginevyo injini itaivuta. Kulibadilisha bakuli hilo kwa filta ya kitambaa ya kubahatisha simshauri mtu.

Pampu za petroli za kumwagilia nyanya na vitunguu kandokando ya ziwa, zile za Honda zenye injini ya GX na nyingi za Kichina zilizoigwa kwake, zina sponji kwa nje na mara nyingi karatasi kwa ndani. Sponji huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, hukaushwa, huchovywa kwenye oili safi ya injini na kukamuliwa sana. Kitabu cha Honda kinasema kila saa 50 au miezi mitatu, na mapema zaidi kwenye vumbi. Hapa oili ya injini inaruhusiwa, tofauti na kitambaa, kwa hiyo usichanganye maelekezo. Pikipiki kadhaa ndogo nazo zina sponji. Vijana wa bodaboda wanaokata sponji la godoro na kulichomeka kavu wajue kwamba linapitisha vumbi na baada ya muda linamomonyoka lenyewe na kuvutwa ndani. Wale wanaoitoa kabisa ili pikipiki ilie vizuri sina la kuwaambia, injini itawaambia.

Pale ambapo mashine ya kusaga bado inaendeshwa na dizeli, vumbi la muhogo ndilo linaloziba filta. Dawa ya bei nafuu ni bomba linalovuta hewa kutoka nje ya kibanda, upande ambao upepo hauleti unga. Wenye mashine za kuponda mawe ya dhahabu huko Buhemba wana shida hiyo hiyo mara kumi, na kwao bomba refu lina thamani kuliko filta ya aina yoyote. Wavuvi wa Mwigobero peke yao ndio wamepona: injini za mitumbwi kwa kawaida hazina filta ya hewa kabisa, kwa kuwa ziwani hakuna vumbi.

Wakati wa kununua

Karatasi nayo ina feki zake. Angalia mpira wa kuzibia ukingoni: uwe laini, usiwe na mkunjo, na ukae bila kulazimishwa. Hesabu mikunjo ukilinganisha na filta ya zamani. Feki huwa na mikunjo michache na gundi iliyomwagika. Dai risiti. Ukiuziwa bidhaa yenye nembo ya kughushi, malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC, na bila risiti huna pa kuanzia. Filta ya kuosha isiyo na maandishi ya jina la kiwanda, namba yake na aina ya mashine iliyokusudiwa, iache kaunta.

Siku ya tatu nilimpigia baba mdogo. Nilimwambia asinunue, achukue seti mbili za karatasi, ya nje na ya ndani, na chenji inayobaki aiweke. Kisha nikamwomba jambo moja kabla hajafunga filta mpya: afungue bomba la mpira linalotoka kwenye filta kwenda kwenye injini, apitishe kitambaa cheupe ndani yake, aniambie kimetokaje. Baada ya filta, bomba hilo linatakiwa liwe safi.

Alinipigia jioni. Kitambaa kilikuwa chekundu kwa vumbi. Walipolichomoa bomba na kulikunja mchana kweupe, waliona limepasuka upande wa chini, karibu na klempu, ufa wa urefu wa kidole ambao haukuonekana likiwa limefungwa. Misimu yote miwili injini ilikuwa inavuta vumbi hapo, nyuma ya filta, na fundi aliyeishusha mara mbili alikuwa akilirudisha bomba lile lile.

"Kwa hiyo ile ya kuosha ingekuwaje?" aliniuliza.

Nikamwambia ingekuwa vile vile, baba, ila ya bei mara tano. Alicheka kidogo, akauliza bomba jipya la Massey linapatikana wapi, na kama klempu mbili zinatosha au anunue nne.